Kosa la Sinema na Kosa la Mkimbizi

Sisi walimu wa Kiswahili tuna maradhi ya kusahihisha. Mtu akisema "kiti ile", masikio yetu hushtuka kabla hatujajua anataka kusema nini juu ya hicho kiti. Basi si ajabu kwamba jioni moja huko Kakiika, kandokando ya mji wa Mbarara, tulipoketi na wanafunzi wetu watu wazima kuitazama sinema ya zamani ya vita, tuliitazama kwa kalamu nyekundu. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wametoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale: Wakongo, Warundi, na Wanyarwanda wachache.

Sinema yenyewe ilikuwa The African Queen, ya John Huston, iliyotolewa mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Tuliichagua kwa sababu sehemu zake zilipigwa Kongo na hapa hapa Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Hadithi yake yatangazwa kuwa ni ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, mwezi wa Septemba 1914. Charlie Allnut, fundi mpenda ulevi mwenye mashua kuukuu, na Rose Sayer, dada yake mmishenari wa Kiingereza, wanateremka mto Ulanga mpaka ziwani ili kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Mashua yazama kwanza, wao wakamatwa, nahodha Mjerumani awafungisha ndoa kabla ya kuwanyonga, na papo hapo meli yake yaigonga ile mashua yenye baruti na kulipuka. Humphrey Bogart, aliyecheza Charlie, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Kicheko kilianzia mtoni. Mwenzetu aliyepata kufundisha Ifakara alisema kwamba mto huo, uitwao pia Kilombero, yeye ameuvuka kwa pantoni mara nyingi kabla daraja halijajengwa, na kwamba maji yake huingia Rufiji na kwenda zake Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Charlie na Rose, kama wangaliufuata kwa uaminifu, wangalitokea kwenye delta ya Rufiji, ambako manowari ya kweli ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha mpaka ilipoangamia Julai 1915. Wangaliikuta manowari, ila si ile waliyoitafuta.

Kisha meli. Meli kubwa ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika ilikuwa Graf von Götzen, nayo ndiyo inayosemekana kuwa kiini cha hadithi hii. Iliundwa Papenburg, ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Mwezi ule wa Septemba 1914 ilikuwa haijagusa maji bado. Wala hakuna Mwingereza aliyeilipua: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito, kama mtu afichaye baiskeli yake akitumaini kurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Hapo mama mmoja Mrundi aliinua mkono. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa maelfu waliokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na ni Liemba iliyomchukua hadi Kigoma. Aliuliza: "Mwalimu, kama meli hii imezama, mimi nilivuka juu ya nini?" Darasa zima lilicheka, na yeye zaidi ya wote.

Jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba mambo ya kweli yalikuwa ya ajabu kuliko sinema. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za injini kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba, zikateremshwa mto Lualaba, na hatimaye kufikishwa ziwani karibu na mahali paitwapo leo Kalemie. Kamanda wao, Spicer-Simson, alivaa sketi. Alitaka kuziita mashua zake Paka na Mbwa; wakuu wake walipokataa aliziita Mimi na Toutou, majina ya kitoto ya wanyama hao kwa Kifaransa. Aliiteka meli ndogo Kingani tarehe 26 Desemba 1915, akaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916, na Götzen ilipotokea akaiacha ipite. Angaliyaandika haya mwanafunzi katika insha, tungalimwambia amepiga chuku.

Je, tumlaumu mtunga sinema? Wasimulizi wetu wa pwani huukaribisha uwongo waziwazi kabla ya kuanza, na msikilizaji akaukubali kwa hiari yake. Kosa la mto na la meli halikumpokonya mtu kitu, na laweza kuchekwa bila dhambi. Lakini katika sinema hiyo limo jambo ambalo hatukulicheka, kwa kuwa hatukuliona. Mwanzoni Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga watu wake. Watu hao hawarudi tena katika hadithi. Vita yageuka kuwa ya Wazungu wawili na mashua. Na zile Mimi na Toutou, barabara yao ya mlimani ilikatwa na Waafrika. Katika vita ile nzima Waingereza waliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na waliokufa, hasa kwa njaa na maradhi, hukadiriwa kuwa wapata laki moja. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni masalio ya kikosi chao. Tumeyafundisha maneno hayo miaka mingi kama mfano wa utohozi, na kwa haraka kidogo.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Ndipo kijana mmoja Mkongo, ambaye kwa kawaida haongei, aliposema: "Hawa walikosea mwaka, wakapata zawadi. Mimi nilikosea mwezi, nikaitwa mwongo." Alikuwa amehojiwa mara mbili katika ofisi moja. Mara ya kwanza alisema walikimbia mwezi wa tano, mara ya pili mwezi wa saba. Faili lake lilirudishwa.

Mwenzetu wa Ifakara alimjibu kwa upole kwamba sinema ni mchezo na mahojiano ni ushahidi. Kila kimoja kina sheria yake, na mhojaji hana budi kupima, maana waongo nao wapo. Maneno hayo ni ya haki, nasi hatuyapingi. Hata hivyo hatukuridhika. Mtunga sinema alikuwa na ramani, maktaba na muda. Kijana alikuwa na usiku mmoja na mdogo wake mgongoni. Kwa nini aliyekuwa na kalenda asamehewe, na asiyekuwa nayo ashikwe kwa tarehe? Kiswahili chetu chatenga kosa, usahaulifu, chuku na uwongo, kila neno na uzito wake. Afadhali mhojaji angaliuliza mahindi yalikuwa yamefikia wapi siku ile. Huenda kijana angalijibu bila kusita.

Juma lililofuata tulitoa insha juu ya safari. Kijana aliandika kwamba waliondoka nyumbani mahindi yakiwa yamekauka shambani, na mama yake alikuwa amevuna nusu. Kulikuwa na makosa mawili ya upatanisho wa ngeli, tukayasahihisha. Pale juu, penye nafasi ya tarehe, alikuwa ameandika mwezi wa tano, akaukata, akaandika wa saba, akaukata pia. Hapo hatukutia wino.