Kikwembe na Koti la Manyoya

Mwezi wa sita na wa saba sisi tukaao Kolwezi twaijua baridi. Mji wetu uko juu, mita 1,400 na zaidi, na alfajiri mvuke hutoka kinywani. Ndipo twasikia wanaume wakinung'unika: "Wanawake hupenda mno mavazi!" Je, kupenda vazi zuri ni kosa?

Tutazame mwaka 1937. Mwaka huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzisha mji wetu kwa ajili ya shaba. Na huko Paris, kwa majira ya baridi ya mwaka ule ule, fundi wa mavazi Elsa Schiaparelli alitoa kofia yenye umbo la kiatu, kisigino juu. Wazo lilitoka kwa mchoraji Salvador Dalí. Mabibi wenye mali walivaa makoti ya mabega mapana na manyoya ya mbweha. Kofia ile haikushonwa ili kichwa kipate joto. Ilishonwa ili itazamwe.

Tusicheke upesi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwahimiza wafanyakazi waje na wake zao. Na mama wa kambini naye alichagua kikwembe kwa rangi na maua yake. Kisha akajitanda hicho hicho mabegani, akamfunika mtoto mgongoni. Kitambaa kimoja kilipendeza, tena kilitia joto. Basi kutaka kupendeza si kosa. Mtu si gunia la mahindi, lifunikwe tu lisilowe.

Kosa li wapi, basi? Ni pale uzuri wa mmoja unapomwacha mwingine katika baridi. Mke akinunua kikwembe cha tatu na mtoto hana blanketi, amekosa. Lakini mume amlaumuye, huku nusu ya mshahara wake imekwisha kwa pombe, tumwiteje? Pombe haimfuniki mtu. Kikwembe, hata kilichonunuliwa kwa majivuno, usiku chaweza kufunika watoto wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu nguo za wake zetu, sisi wanaume tuamke usiku mmoja wa mwezi wa saba. Tuwashe taa, tutazame ni nani nyumbani mwetu alalaye amejikunja. Kisha tuhesabu, tukianza na mifuko yetu wenyewe.