Ghala za Theluji
(Zaburi 111:2, Ayubu 38:22)



Tuyafikiri pamoja maneno ya Zaburi ya 111, fungu la 2. Mwimbaji ausifu ukuu wa kazi za Mungu, kisha anena habari za watu wazipendao kazi hizo, ya kuwa ndio wazichunguzao kwa bidii. Basi tuangalie: ameyaunga mambo mawili ambayo sisi twapenda kuyatenga, yaani kupenda na kuchunguza. Hasemi ya kuwa ampendaye Mungu ayafumbe macho yake, wala hasemi ya kuwa achunguzaye amekwisha kuacha kupenda.

Twaandika haya kwa sababu ya swali ambalo wazazi wengi wametuletea. Wasema, "Watoto wetu wamekwenda vyuoni, nao warudi na elimu zisizo na idadi. Mmoja asoma habari za mawe, mwingine habari za wadudu, mwingine habari za sheria, mwingine desturi za mababu. Je, elimu hizi zote zina faida gani kwa Mkristo? Je, hazitawaondoa kwa Mungu wao?" Kwa upande mwingine wako vijana wanaodhani ya kuwa elimu imekwisha kulimeza Neno la Mungu. Sisi tutawajibu wote wawili kwa mfano mmoja, nao ni mlima ule ambao washarika wengi wa kaskazini huuona wafunguapo mlango asubuhi: Kilimanjaro.

Jambo la kwanza. Kazi za Mungu ni kubwa, na jicho moja halitoshi kuziona.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mtu wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza, alikuwa safarini kutoka pwani kwenda nchi ya Wachagga. Asubuhi ile aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomwuliza mwongozi wake, huyo alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Ndipo Rebmann alipotambua ya kuwa anaiona theluji. Lakini habari zake zilipofika Ulaya, W. D. Cooley, mjuzi wa ramani aliyekaa London, alizikataa. Huyo alikuwa mtu wa vitabu vingi, wala mlima wenyewe hakuuona kwa macho yake; aliona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Ubishi huo uliendelea miaka mingi. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alikuja mlimani pamoja na Richard Thornton, mjuzi wa mawe. Mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia vichwani.

Tujifunze nini? Mwongozi yule hakuwa na cheti cha chuo cho chote, na neno lake lilikuwa kweli. Cooley alikuwa na vitabu, na neno lake halikuwa kweli. Lakini tusije tukasema ya kuwa vitabu ni bure, maana ubishi haukukoma kwa kupigiana kelele, bali kwa kuwa watu walitoka, wakapanda, wakapima, wakaandika, na wengine wakasoma walichokiandika. Huo ndio uchunguzi wa kweli: kwenda kuangalia, na kukubali kushindwa na kweli unapoikuta.

Tangu siku zile wamekuja wengi, kila mmoja na chombo chake. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Meyer alirudi mwaka 1898 akaona barafu imeanza kupungua. Wajuzi wa mawe wametuonyesha ya kuwa vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, vyote vilizaliwa na moto wa chini ya nchi, na ya kuwa Kibo, chenye mita 5,895, hata leo chatoa mvuke wa moto. Wajuzi wa mimea wamehesabu aina kadiri ya 2,500 katika mlima huu mmoja. Mwaka 2016 ikajulikana ya kuwa katika bonde moja la mbali umesimama mti wenye urefu wa mita 81 na nusu, mrefu kuliko mti wo wote mwingine wa asili uliopimwa katika Afrika. Mti ule ulisimama pale mababu zetu walipokuwa wakizaliwa na kuzikwa, wala hapakuwa na mtu aliyeupimia urefu wake. Mungu peke yake aliujua. Na Sulemani, kama tusomavyo katika Wafalme wa Kwanza 4:33, hakuona haya kunena habari za miti, tangu mwerezi mkubwa hata mmea mdogo uotao ukutani, na za wanyama, ndege na samaki. Hekima hiyo alipewa na Mungu.

Jambo la pili. Mwanadamu naye ni kazi ya Mungu, kwa hiyo naye huchunguzwa.

Wengine wakubali kwamba mawe na miti vichunguzwe, lakini wasema ya kuwa kuandika desturi na mapatano ya watu ni kupoteza karatasi. Wachunguzi wa Kilimanjaro hawakufikiri hivyo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika katika nchi ya Wachagga hata mwaka 1938, alikaa na wazee, akasikiliza hukumu zao, na mwaka 1926 akatoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga. Mwaka 1940 Otto Raum alitoa kitabu juu ya malezi ya watoto wa Kichagga. Mwaka 1986 Sally Falk Moore, mwanamke wa Marekani, alionyesha jinsi sheria za jadi zilivyogeuka katika muda wa miaka mia, tangu 1880 hata 1980. Na mwaka 2019 Matthew Bender, mwandishi wa mambo ya kale, alitoa kitabu juu ya maji ya mlima huu na watu wanaoyatumia. Hawakubaliani katika yote. Lakini kila mmoja ametusaidia kujitambua.

Hapo yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa chuo alifika usharikani kwetu na daftari yake, akiwauliza wazee habari za mifongo, yaani mifereji iletayo maji kutoka mitoni hata vihambani. Aliuliza ni ukoo gani ulioichimba, zamu za maji hugawanywaje, mwizi wa maji hutozwa nini. Sisi tulimdharau. Tulimwambia mbele ya watu, "Mwenzako asomaye udaktari ataponya wagonjwa; wewe utamponya nani kwa kuandika maneno ya wazee?" Kijana akanyamaza, akaifunga daftari yake. Ndipo mzee mmoja, mshiriki wa kanisa wa siku nyingi, alipotuambia kwa upole, "Baba mchungaji, uniwie radhi. Mfongo hauendi kwa maji peke yake. Huenda kwa maneno. Maneno ya watu yakivunjika, maji hayafiki, hata mto ukijaa." Tuliona haya, lakini hatukumwomba kijana msamaha siku ile.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kikali. Pande mbili za usharika ziligombana kwa ajili ya zamu ya maji, hata jamaa wengine wakakataa kuiendea Meza ya Bwana pamoja. Yule mzee alikuwa amekwisha kufariki, na wengine waliobaki walikumbuka kila mtu kwa upande wake. Hapo tuliikumbuka daftari. Tukamwandikia yule kijana, kwanza kuomba msamaha, kisha kuomba nakala ya aliyoyaandika. Hakutulipa kwa kadiri ya dharau yetu. Alileta kurasa zote, na maneno ya marehemu yakasomwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, jinsi baba zao walivyopatana. Ugomvi haukuisha siku ile. Lakini watu waliketi chini, wakasikilizana, na baada ya majuma machache wakapiga magoti mbele ya madhabahu moja. Basi tulijua ya kuwa tumejibiwa swali letu: kijana yule aliponya nani? Aliuponya usharika wetu.

Jambo la tatu. Elimu hizi zahitajiana kama viungo vya mwili.

Watu wengi husema, "Maji ya mito yapungua kwa kuwa barafu ya Kibo yayeyuka, nasi hatuwezi kuizuia." Ni kweli ya kuwa barafu imepungua sana: mwaka 1912 ilifunika kadiri ya kilometa mraba 12, na ilipopimwa mwaka 2007 sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha kutoweka. Lakini Andreas Hemp, mjuzi wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 ya kuwa msitu wawapa watu maji kuliko barafu. Miti ya juu huukamata ukungu kwa majani yake na kuudondosha chini kama mvua. Moto ukiiteketeza miti ile, ukungu hupita bure, na hasara ya maji yashinda hasara ya barafu. Nasi twaukumbuka moto mkubwa wa Oktoba 2020, jinsi ulivyowaka siku nyingi.

Basi ni nani awashaye moto? Hapo mjuzi wa mimea amefika mwisho wa chombo chake. Aweza kuhesabu miti iliyoungua, lakini hawezi kwa darubini yake kusema kwa nini mrina asali alikiacha kijinga cha moto, au kwa nini mwindaji hakujali. Hapo yafaa aje yule aulizaye habari za njaa, za mashamba yaliyogawanywa mpaka yakawa madogo, na za sheria zisizopendwa na watu. Huyo naye peke yake hawezi kusema ukungu wafanyaje kazi. Mtume Paulo, katika 1 Wakorinto 12, atufundisha ya kuwa jicho haliwezi kuukataa mkono, wala kichwa kuikataa miguu. Alinena habari za kanisa, lakini mwenye macho ataona ya kuwa Mungu ameziweka elimu vivyo hivyo, ili mtu mmoja asijivune.

Jambo la nne. Kila elimu ina mpaka wake.

Mwaka 2002 wachunguzi wenye sifa walisema ya kuwa hali ikiendelea vile vile, barafu ya Kibo huenda ikaisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka ile imepita, na barafu imebaki, ijapokuwa ni kidogo na yazidi kupungua. Hatusemi haya ili kuwacheka. Walipima kwa bidii, na mwendo wa mambo waliuona sawasawa; saa yake hawakuijua. Mungu alimwuliza Ayubu kama amepata kuingia katika ghala za theluji. Leo watu wameingia kidogo, wamelala mle usiku kwa baridi kali, wametoboa barafu na kuisoma kama kitabu. Wakatoka na maswali mengi kuliko waliyoingia nayo. Mwenye hekima akitoka vile hunyenyekea. Mpumbavu hujivuna kwa kuwa amechungulia mlangoni. Ndiyo maana Paulo alituonya katika 1 Wakorinto 8 ya kuwa maarifa huweza kumfurisha mtu kichwa, bali upendo ndio ujengao.

Tena liko jambo ambalo hakuna elimu inayoliweza. Uchunguzi waweza kutuonyesha ni nani aliyeuchoma msitu, hauwezi kumsamehe. Waweza kutusomea mapatano ya baba zetu. Hauwezi kututia moyo mpya wa kuyashika. Daftari ya kijana ilituketisha chini, lakini aliyetupigisha magoti ni Kristo aliyesulibiwa. Kwake twapata ondoleo la dhambi, na hilo halipimwi wala halinunuliwi. Tumepewa bure kwa neema.

Basi, wazazi, msiwazuie watoto wenu kuyatafuta maarifa. Dokta Martin Luther, katika mwaka 1524, aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani wafungue shule, na sisi tunaojiita kwa jina lake tusiwe wavivu kuliko yeye. Msipime elimu kwa mshahara peke yake. Nanyi waalimu wa kanisa, mtu akija na daftari kuuliza habari za kweli, mpeni kiti, mwulizeni naye maswali, mtake ailete nakala ya aliyoyaandika, maana maneno ni ya watu waliompa. Nanyi vijana wa vyuo, msiwadharau waliokaa nyumbani. Mkumbukeni yule mwongozi aliyeijua baridi. Na mwaka huu, kabla ya kiangazi, kila usharika ulio karibu na msitu ukutane na wazee wake, na warina asali, na mabwana misitu, wapatane juu ya moto. Hii nayo ni kazi ya Wakristo.

Tuombe: Ee Bwana uliyezijaza ghala za theluji na kuuhesabu urefu wa kila mti, tupe macho ya kuziona kazi zako, na masikio ya kuwasikiliza wenzetu. Utuondolee dharau na majivuno. Uwalinde wote wanaotafuta kweli, milimani na vitabuni na katika nyumba za watu, wasichoke wala wasijisifu. Mwisho utulete sote kwake aliye kweli yenyewe, Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.