Kabla Hujateremka Ol Njorowa

Vijana wetu wa Miritini siku hizi hupanda treni hapa hapa stesheni, wakalala Nairobi, na kesho yake wako Naivasha wakikodi baiskeli kwenye lango la hifadhi ya Hell's Gate. Ni matembezi mazuri, siwakatazi. Ila kabla ya kuteremka kwenye korongo lake la Ol Njorowa, jueni yaliyotokea humo.

Aprili 2012 vijana wa kanisa walikuwa ndani ya korongo maji yalipowafikia ghafla. Saba walikufa. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 maji yakashuka tena, yakawazoa watalii pamoja na kiongozi wao. Saba wengine. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likalifunga korongo.

Aprili ni masika, kila mtu anajua. Lakini Septemba? Hapo hata mimi ningeingia. Ningetazama juu, nikaona kipande kile chembamba cha mbingu ki cheupe, nikateremka bila wasiwasi. Kumbe mvua inayoua humo hunyesha mbali, kwenye miinuko. Maji hukusanyika, na korongo ndiyo njia yao. Kuna mahali kuta zimebanana mpaka ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Maji yakifika hapo hayana pa kutawanyikia, hupanda tu.

Sisi wa Pwani tungepaswa kulielewa hili upesi. Mto Sabaki hushuka mwekundu hadi Malindi jua likiwaka, na wenyeji husema kumenyesha bara.

Basi angalieni. Wingu zito upande wa milimani, hata kama lilipo ni mbali. Kijito mlichokiruka kwa hatua moja kimeanza kuwa tope na kuleta vijiti. Ukiona majani makavu yamekwama kwenye ufa juu ya kichwa chako, usipige picha ukapita. Ni maji yaliyoyafikisha pale. Uvumo ukishasikika, dakika zimekwisha.

Na dalili kubwa kuliko zote, vifo vya 2012, tuliisahau.

Kinachotuponza mara nyingi ni nauli. "Tumetoka Mombasa yote hii, tumeshalipa, turudi bila kuingia?" Ndiyo, mrudi. Muulizeni askari wa langoni kama korongo liko wazi na kama jana kulinyesha huko juu, na kiongozi awaonyeshe pa kupandia kabla hamjashuka. Akisema leo hapana, baiskeli bado mnazo, na pundamilia wako huko juu, karibu na mwamba wa Fischer's Tower.