MSAFIRI ALIYEKATIKIWA NA NJIA



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Muislamu, wengi wenu mnavuka ziwa kutoka hapa Kalemie mpaka Kigoma, kisha mnapanda treni ya Dar es Salaam kutafuta mali. Njia hiyo inapita kilomita 1,200. Unafunga chakula cha siku mbili, unahesabu umefika. Halafu mvua inanyesha, maji yanachukua tuta la reli, na hesabu yako imekwisha. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya upande wa Kilosa yalikata reli hiyo kabisa.

Mimi yalinikuta mwaka 2007, tukiwa tumekwisha kupita Dodoma. Treni ilisimama usiku porini, na tulikaa pale siku mbili.

Kwanza ujue swala yako. Treni ikisimama, shuka uswali chini kwa kusimama, lakini karibu na behewa, maana haiagi mtu. Kibla huko ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Adhuhuri, Alasiri na Isha utapunguza, na ruhusa ya kukusanya unayo. Ikiwa kila siku unatazamia kuondoka, madhehebu yetu ya Imamu Shafi yanakuruhusu kupunguza mpaka siku 18. Maji yakiwa ya kunywa tu, tayamamu. Usimnyime mtoto maji ili wewe utawadhe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika behewa letu alikuwamo Muislamu mwenzetu, mfanyabiashara wa huku kwetu. Siku ya pili asubuhi watoto wa kijiji walileta maji katika bidoni. Yeye alinunua yote, akayauza ndani kwa bei mara tatu. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alifungua kitambaa chake, akahesabu, pesa hazikutosha. Adhuhuri mtu yule alisimama safu ya kwanza. Na aliyewaswalisha ni mimi. Sikumwambia neno. Nilimnunulia yule mama kikombe kimoja, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Nilikuwa na pesa ya bidoni nzima, ndugu zangu, na nilikuwa na ulimi.

Soma Sura At-Tawba, aya ya 60. Allah amewataja wanaostahili zaka, watu wa namna nane, na wa mwisho wao ni msafiri. Wanazuoni wetu wanasema: hata kama kwao ni tajiri, hapo alipokwama ana haki. Haki, si hisani.

Basi tazama bandari yetu. Bato likichelewa siku nne, tano, wako watu wa Kigoma na wa Burundi wanalala juu ya mizigo yao pale. Nani kati yetu anawauzia maji, na kwa bei gani? Nani anawapandishia bei ya chumba akisikia lafudhi yao?

Leo baada ya swala kutakuwa na sanduku mlangoni, la wasafiri peke yao. Vijana watatu wanahitajika kupeleka chakula bandarini jioni. Wanaotaka wajiandikishe kwa katibu. Jina la kwanza nimeandika langu.

Wassalaam alaykum.