NCHI INAPOTETEMEKA, NI NANI ALIYEKOSA?

Kila mara nchi inapotetemeka kuna swali moja ambalo huwafikia waliopatwa kabla hata ya mablanketi na mahema: Ni nani aliyekosa? Huulizwa sokoni, huulizwa matangani, na lazima tuseme kweli, huulizwa pia na wahubiri wa namna nyingi, ambao jibu wanalo mfukoni kabla ya kuuliza. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, yapata saa tisa na nusu alasiri, nchi ilitikisika mkoani Kagera kwa nguvu ya kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia waliumia, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda. Mama yeyote aliyemzika mtoto wake siku zile, akiambiwa kuwa hayo ni malipo ya dhambi, amepigwa mara mbili: mara ya kwanza na ukuta, mara ya pili na ulimi.

Swali hilo twataka kulijibu leo. Wala hatutaanza na Katekisimu. Tutaanza na mawe yaliyo chini ya miguu yetu, maana nayo ni kazi ya Mungu, na mtu asiyetaka kuyasikiliza hafai kusema kwa niaba ya Yule aliyeyaumba.

Ganda la dunia hii si kipande kimoja. Limevunjika kama chungu kilichoanguka, ila vigae vyake havikutawanyika. Vimekaa ubavu kwa ubavu, vikisukumana. Wataalamu huviita vigae hivyo mabamba. Makubwa ni saba hivi, na madogo ni mengi. Ukiisimamisha wima barabara itokayo Dar es Salaam hadi Chalinze, yaani kilometa 100 na kidogo, utapata kukisia unene wa bamba moja. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali mno, ambao haujayeyuka, lakini kwa muda mrefu hunyumbuka na kujongea kama nta iliyowekwa juani. Juu ya mwamba huo mabamba husafiri, kila moja kwa njia yake, sentimeta chache kwa mwaka, na yale yaliyo chini ya bahari huvutwa hasa na uzito wa kingo zao zilizopoa, ambazo huzama zikirudi ndani ya dunia.

Elimu hii ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Wakubwa wa elimu walimcheka. Alikufa katika barafu ya Greenland mwaka 1930, hajakubaliwa. Ilipasa kwanza watu wapime sakafu ya bahari na kuona milima mirefu iliyofichwa humo, ambapo mabamba hutengana na mwamba mpya huzaliwa. Ndipo katika miaka ya 1960 mambo yakaeleweka. Mzee aliyemaliza shule kabla ya mwaka 1968 hakufundishwa habari hizi, wala asione haya kumwuliza mjukuu wake.

Labda wako wanaoogopa kwamba kusema juu ya mamilioni ya miaka ni kumpunguzia Muumba heshima yake. Hao tungewakumbusha Mwenye Heri Niels Stensen, Mdenmarki aliyeandika mwaka 1669 jinsi matabaka ya mawe yanavyolala, la kale chini na jipya juu, na hivi akawa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya miamba. Alipewa upadre mwaka 1675, akawa askofu mwaka 1677, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Tungependa sana kuona sanamu yake katika maktaba za shule zetu. Lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Turudi kwenye mabamba. Katikati ya bamba mara nyingi ni shwari. Mpakani ndipo penye kishindo, na sura ya dunia kwa sehemu kubwa imechongwa huko. Bamba la India limekuwa likilisukuma bara la Asia kwa mamilioni ya miaka, nalo likakunjamana likawa milima ya Himalaya, ambayo kilele chake Everest kina meta 8,849. Penye bamba la bahari lizamalo chini ya Amerika ya Kusini imeinuka milima ya Andes, na huko Chile, tarehe 22 Mei 1960, lilitokea tetemeko la kipimo cha 9.5, kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa. California mabamba mawili hayagongani wala hayaachani, bali hupita yakisuguana. Na mpaka ulio chini ya bahari karibu na Sumatra ulipoteleza tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Noeli, mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari ya Hindi nzima, hata pwani yetu ya Tanzania ikapoteza watu.

Tetemeko lenyewe hutokeaje? Wasomaji wanaujua mlango uliovimba wakati wa masika. Unausukuma, haufunguki, unasukuma tena, bado, kisha ghafla unaachia, nawe unaangukia ndani. Ndivyo ilivyo kwa mabamba. Safari yao haikomi, lakini kingo zao hukwama, na miamba hujipinda ikivumilia miaka 50, miaka 300, pengine maelfu ya miaka, mpaka siku inapoachia. Haitazami ni Kwaresima au ni Pasaka. Haimtazami aliyelala kwa amani na jirani yake wala aliyelala na deni la ng'ombe wa mjane.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi mahali ambapo bara linapasuliwa. Bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, linaachana na bamba la Somalia lililo mashariki. Kati yao kuna kipande kidogo kilichobeba Ziwa Viktoria, chenye mwamba wa kale mgumu sana, uliokataa kupasuka. Kwa hiyo ufa uligawanyika ukakizunguka kwa mikono miwili. Mkono wa mashariki umepita Turkana, Naivasha, Natron na Manyara. Wa magharibi umepita Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa. Kagera iko juu ya kipande hicho cha katikati, jirani na mkono wa magharibi. Huko Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910, lilitokea tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika.

Mwendo wenyewe ni wa milimeta chache tu kwa mwaka. Tukikadiria tatu, mtoto anayebatizwa Jumapili hii, akifikia umri wa miaka 70, nchi itakuwa imefunguka kiasi cha shubiri moja. Shubiri moja kwa maisha ya mtu! Na kwa shubiri hizo ndogo limechimbwa Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake ni meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Uso wa ziwa hilo uko juu ya usawa wa bahari kwa meta 770 hivi, lakini sakafu yake imeshuka meta 700 hivi chini ya usawa huo. Dagaa wa Kigoma hula na kuzaana ndani ya ufa huo. Kahawa ya Kilimanjaro na ndizi za Rungwe hustawi katika udongo uliotoka tumboni mwa volkeno. Wakenya wamekuwa wakipata umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria tangu mwaka 1981. Mvua hainyeshi pasipo kuchukua kidogo cha mlima na kukipeleka baharini. Kama mabamba yangesimama, nchi kavu ingesagika ikawa bapa, pasipo kitu cha kuiinua tena.

Basi anayesema tetemeko ni fimbo, na atuambie ziwa ni nini, maana mkono uliofanya vyote viwili ni mmoja.

Hapa hatuna budi kusimulia habari za Lisbon, kwa kuwa swali letu liliulizwa huko kwa ukali kuliko mahali pengine popote. Mpaka wa bamba la Afrika na lile la Ulaya na Asia hupita baharini, kutoka visiwa vya Azores hadi mlango wa Gibraltar. Tarehe 1 Novemba 1755, kabla ya saa nne asubuhi, nchi iliachia upande huo. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na makanisa ya Lisbon yalikuwa yamejaa watu. Dari ziliwaangukia waamini wakiwa Misani. Mishumaa iliyowashwa kwa heshima ya watakatifu ilianzisha moto uliowaka siku nyingi. Waliokimbilia pwani waliona maji yamerudi nyuma, kisha bahari ikawajia. Walikufa makumi ya maelfu. Siku hiyo hiyo miji ya Moroko, ya Waislamu, ilibomoka pia, kwa sababu mpaka wa mabamba hauko kati ya dini na dini.

Palikuwa na padre Mjesuiti jina lake Gabriel Malagrida, mmisionari aliyefanya kazi ya miaka mingi Brazili, mtu wa sala na wa kujinyima. Mwaka 1756 alitoa kijitabu akisema sababu ya kweli ya tetemeko ni dhambi za watu wa Lisbon, wala si nguvu za asili, na kwamba wanaohimiza ujenzi kabla ya toba wanawapoteza watu. Miaka mitano baadaye aliuawa kwa mashtaka mengine, na jinsi alivyotendewa mzee yule hatuwezi kuisifu hata kidogo. Lakini kijitabu chake nacho hatuwezi kukisifu. Aliwatia hatia wafu ambao hakuwajua.

Mwaka huo huo wa 1756 serikali ya Ureno, chini ya waziri ambaye baadaye aliitwa Marquis wa Pombal, ilipeleka karatasi ya maswali katika parokia zote za nchi. Tetemeko lilianza saa ngapi? Lilidumu muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Chemchemi zilibadilika? Nyumba ngapi zilianguka, na watu wangapi wamekufa? Waliotakiwa kujibu ni maparoko. Hebu wasomaji wawafikirie mapadre wale, wengine bado wakiadhimisha Misa chini ya maturubai, wakikaa kuhesabu nyufa na kuwauliza wavuvi habari za maji. Majibu yao yamehifadhiwa hata leo katika nyaraka za taifa huko Lisbon, na wataalamu wa siku zetu wanapobishana ni ufa upi hasa ulioteleza, huyarudia maandishi ya maparoko wale. Sisi twaona kwamba padre mmoja wa kijijini aliyeandika kwa uaminifu bahari ilishuka kiasi gani alimtumikia Mungu kwa namna ambayo kijitabu kile hakikufikia.

Na Bwana wetu amesema nini? Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Yeye mwenyewe anauliza kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na yeye mwenyewe anajibu kwamba sivyo. Kweli, hapo hapo anawaita watu watubu. Wala hatulifichi neno hilo. Lakini angalieni anamwambia nani. Anawaambia waliosimama mbele yake, wazima. Wale 18 anawaacha wapumzike. Mhubiri akitaka kuita watu watubu baada ya tetemeko, ana ruhusa, mradi aanze na nafsi yake, na asiguse kaburi la mtu.

Kuna toba moja ambayo tetemeko linaidai kwa wazima, nayo ni ya ujenzi. Mtetemo wenyewe huua watu wachache sana. Wengi huuawa na ukuta. Lisbon ilipojengwa upya, wahandisi waliweka ndani ya kuta tundu la mbao zilizopishana na kukazana, ili nyumba ikitikiswa ipinde pasipo kumwagika. Kwetu mambo mengi ya lazima yanajulikana kwa fundi yeyote mwenye ujuzi. Tofali zishikwe kwa saruji ya kutosha, si kwa udongo mtupu. Pembe za nyumba zifungwe vema, kuta zisisimame kama wageni wasiosalimiana. Juu ya milango na madirisha upite mkanda wa zege wenye nondo, ule ambao mafundi huuita linta, nao uzunguke nyumba nzima pasipo kukatika. Ukuta wa pembetatu unaobeba paa usiachwe peke yake, maana mara nyingi huo ndio hutangulia kuanguka. Twajua mkanda huo una gharama, na kwamba mwenye kipato kidogo huuacha kwanza fedha zikipungua. Ndiyo sababu jambo hili lisiachiwe kila mtu nyumbani kwake: jumuiya inayochangia arusi yaweza kuchangia nondo za mjane.

Kamati za ujenzi za parokia na vigango vilivyo kandokando ya Bonde la Ufa, toka Kagera na Kigoma hadi Rukwa na Mbeya, toka Arusha hadi Manyara, na zimwulize fundi habari za linta kabla ya kumwuliza habari za rangi. Kanisa lenye ukuta mrefu wa mbele usioshikwa na kitu lishughulikiwe mapema, kwa kuwa ndimo watu wanamokusanyika kwa wingi, saa ile ile, kila Jumapili.