Wa Pili Ni Anayefuata

Watoto wetu wanapojifunza kuhesabu kwa Kiingereza hukariri "first, second, third" kwa mkupuo mmoja, wala haiwapitikii kuwa neno la katikati ni mgeni. Hayo mengine mawili Waingereza wanayo tangu kale, na la kwanza lilimaanisha aliye mbele kuliko wote. Kwa wa pili walisema tu "other", yaani yule mwingine. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kwa njia hiyo likaingia neno lenye asili ya Kilatini, "secundus". Maana yake ni anayefuata. Warumi waliuita hivyo hata upepo mwema, ule unaovuma kutoka tezi na kukisukuma chombo kinakokwenda. Sekunde ya saa zetu nayo imetoka humo: saa ikigawanywa mara ya kwanza ni dakika, ikigawanywa mara ya pili ni sekunde.

Warumi hawakuona haya kumpa mtu jina hilo. Katika Matendo 20:4 yumo Sekundo wa Thesalonike, aliyefuatana na Paulo safarini. Na aliyeuandika kwa mkono wake Waraka kwa Warumi aliitwa Tertio, wa tatu.

Sisi je? Katika jumuiya na kwaya zetu, umakamu mwenyekiti ni cheo cha kufutana machozi. Aliyeshindwa uenyekiti hukubali kwa shingo upande, kikao cha kwanza anakuja, cha pili ana udhuru. Nadhani tunamwona wa pili kama walivyomwona Waingereza wa kale: yule mwingine, aliyebaki.

Mtazame Yonathani. Daudi amejificha nyikani Zifu na watu wapatao mia sita, Sauli anamwinda kila siku. Yonathani, mwana wa mfalme, anamwendea huko msituni, akijua kuwa baba yake alikwisha kumrushia yeye mwenyewe mkuki kwa sababu ya huyuhuyu Daudi. Anamtia nguvu katika Mungu, kisha anamwambia kwamba yeye Daudi ndiye atakayekuwa mfalme, na yeye Yonathani atakuwa wa pili wake. Hakuna aliyekuwa amemshinda kwa kura. Wala hakuwa mnyonge: kule Mikmashi alikuwa ameivamia ngome ya Wafilisti akiwa na mbeba silaha wake tu. Kiti kilikuwa chake kwa kuzaliwa. Akakiachia kwa sababu alimwona Mungu anakwenda wapi, akaamua kufuata.

Petro ilimwia vigumu zaidi. Alipojaribu kumwelekeza Bwana njia ya kupita, aliamriwa arudi nyuma yake, na hapo nyuma ndipo penye nafasi ya mwanafunzi.

Yonathani hata huo upili hakuupata. Aliuawa mlimani Gilboa pamoja na baba yake kabla Daudi hajatawazwa, na Daudi akamlilia kama ndugu. Maandiko hayasemi popote kwamba aliijutia ahadi yake.

Wiki hii someni nyumbani 1 Samweli 23:15-18, msome kwa sauti ili na watoto wasikie. Nawe uliyechaguliwa makamu mwaka huu, tafadhali, kikao kijacho njoo.