HAKI YA MWANAMKE KATIKA UJIRA WAKE

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Singida na wa kila mahali, wake kwa waume, yatupasa tuliangalie kwa insafu jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Zinyeshapo mvua na alizeti ikachipua, katika Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wenye mashamba hutafuta vibarua wa kupalilia. Huja wanaume na huja wanawake. Itokeapo kwamba mwanamke amepewa ngwe sawa na ile ya mwanamume, na jua likawachoma sawasawa, kisha jioni mwanamke akatiwa mkononi fedha pungufu, watu wengi hawaoni kuwa pametendeka neno. Akiuliza mtu, huambiwa, "Yule ni mwanamke." Basi suala letu ni hili: je, hiyo ni sababu ya haki, au ni dhuluma tuliyoipa jina la desturi?

Wenye kuitetea desturi hii wana hoja moja iliyo na nguvu kuliko zote, nayo haifai kudharauliwa. Husema: Mwanamume amelazimishwa na sheria kumlisha mkewe na wanawe, kuwavika na kuwaweka nyumbani, mwanamke hakulazimishwa hayo, kwa hiyo ni haki mwanamume apewe zaidi. Hoja hii mwanzo wake ni kweli na mwisho wake ni kosa. Hapana shaka kwamba nafaka ni wajibu wa mume. Lakini wajibu huo umo katika mali yake mwenyewe, haumo katika jasho la mwanamke aliyepalilia karibu naye. Na mwenye shamba ampunguziaye mwanamke hampelekei mume wa mtu zile fedha alizozipunguza. Huzitia mfukoni mwake. Tena lau ujira ungalipimwa kwa haja, mseja angalipewa kidogo kuliko baba wa watoto sita, na mjane alishaye mayatima angalipewa zaidi ya kijana asiye na mke. Hapana tajiri afanyaye hivyo. Basi tumejua kwamba haja siyo mizani yao; hutajwa tu ajapo mwanamke.

Wanazuoni wa fiqhi wamelibainisha jambo hili zamani. Kuajiri ni kununua manfaa, na ujira yapasa ujulikane kabla ya kazi kuanza. Usipotajwa, mfanya kazi hupewa ujira wa mithili, yaani ule unaopewa kazi mfano wa ile. Angalieni vyema: kipimwacho hapo ni kazi. Katika Suratul-Mutaffifin wameonywa wapunjao vipimo, na katika Suratun-Nisaa tumejulishwa kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Bibi Khadija mwenyewe alikuwa mfanya biashara aliyewaajiri wanaume. Hakuna aliyesema kuwa mali yake ni pungufu kwa kuwa ni ya mwanamke.

Walakini kupunjwa ngwe kwa ngwe ni mlango mmoja tu. Iko milango mingine iliyojificha.

Wa kwanza ni majina ya kazi. Kupalilia, kupura na kupepeta huitwa kazi nyepesi kwa kuwa wazifanyao sana ni wanawake. Kupakia magunia na kusimamia mashine ya kukamua mafuta huitwa kazi za kiume, na ujira wake huwa mkubwa. Wala si kwetu tu. Mwaka 1968 wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, nchi ya Uingereza, waligoma kwa sababu kazi yao iliwekwa daraja la wasio na ufundi. Mgomo ule ulisaidia kuleta sheria ya ujira sawa ya mwaka 1970. Lakini kushona kwao hakukuhesabiwa kuwa ufundi ila mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. Sheria ilikuwapo, na jina la kazi likaizuia kwa miaka mingi.

Wa pili ni kazi za nyumbani zisizolipwa. Claudia Goldin, mwanachuoni wa Marekani aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kuwa katika nchi tajiri sehemu kubwa ya tofauti ya mapato huanza azaliwapo mtoto wa kwanza, kwa kuwa mama ndiye apunguzaye saa za kazi. Kwetu mama ana mtoto, tena ana maji ya kuteka mbali wakati wa kiangazi na kuni za kutafuta. Saa zake nyingi zimekwisha kabla hajashika jembe la ujira.

Wa tatu ni mali. Mara nyingi alizeti iliyopaliliwa na mke huuzwa na mume, na kazi ya mke ikaitwa kusaidia. Na asiye na shamba lake hana nguvu ya kuukataa ujira mbaya.

Dawa yake ni nini? Kwanza, ujira utajwe mbele ya watu wote kabla ya kazi, kwa ngwe au kwa gunia, na utiwe mkononi mwa aliyeifanya kazi. Ufichwapo ujira, ndipo mtu apunjwapo. Pili, tuzijue sheria za nchi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 23, imempa kila mtu haki ya ujira ulingano na kazi yake bila ya ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemtaka mwajiri awalipe sawa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi kama mwanamume. Basi majina ya wake na mabinti na yaandikwe. Tatu, tubadili vyombo. Kurina asali kulikuwa kwa wanaume maadamu mizinga ilitundikwa juu ya miti. Mizinga ya kisasa iliyowekwa karibu na ardhi yaweza kutunzwa na mwanamke vile vile. Nne, binti asomeshwe hata apate ufundi, na mume ashike sehemu ya kazi za nyumbani, Mtume (s.a.w.) aliwahudumia watu wa nyumba yake, nasi si bora kuliko yeye.

Na wewe mwenye shamba, usingoje mkaguzi wa serikali. Msimu huu, kabla ya kuwaita vibarua, pima ngwe, taja ujira wa ngwe, kisha mlipe kila mmoja kwa ngwe alizozimaliza, wala usiulize ni mume au mke. Kama fedha zako hazitoshi kuwalipa wote kwa haki, punguza ngwe. Kupunguza haki ya mtu aliyekwisha kukufanyia kazi hakuna ruhusa, naye atakudai Siku ya Kiyama hata kama leo amenyamaza.

Wabillahi taufiki.